Malaria mbili, taifodi moja: hebu nionyeshe hicho cheti!

Wale mlio kitandani na blanketi hadi puani huku nje jua linachoma lami, poleni sana. Leo naanza na nyinyi, wazima mtafuatia.

Jiji hili lina misemo yake bwana. Muulize mtu mbona hukumwona kwenye sendofu ya juzi, atakujibu bila kupepesa macho: "Aah, nilikuwa hoi, nimepimwa nimekutwa na malaria mbili na taifodi." Malaria peke yake hasemi, hata siku moja. Malaria ya Dar haitembei bila mpambe, kama bibi harusi. Zamani mpambe alikuwa taifodi tu, sasa kaongezeka na U.T.I., wote watatu wanakaa kwenye kikaratasi kimoja, na mtu anarudi nyumbani na mfuko wa dawa utadhani katoka sokoni kununua nyanya.

Sina ugomvi na mgonjwa. Ugomvi wangu ni na hilo neno dogo "na". Malaria NA taifodi. Je, kweli mtu mmoja anaweza kubeba homa mbili kwa mkupuo? Anaweza, tena sana. Kasheshe ni kwamba zile mbili zilizoandikwa kwenye kikaratasi chako mara nyingi sio zile mbili zilizomo mwilini mwako. Halafu ile ya pili ya kweli, ambayo hakuna aliyeitafuta, inaendelea na kazi yake kimya kimya.

Tuanze na hii taifodi ya mtaani. Kipimo kinachotumika kwenye zahanati nyingi ni cha daktari mmoja wa Ufaransa aliyeitwa Widal, na alikitoa mwaka 1896. Naam, elfu moja mia nane tisini na sita, babu yake babu yangu sijui hata kama alikuwa ameoa. Kipimo hicho hakimtafuti bakteria wa taifodi mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani wale askari ambao mwili unawatoa ukivamiwa. Sasa askari hawa hawarudi kwao vita vikiisha, wanabaki kambini miezi na miezi. Uliumwa taifodi mwaka jana? Wapo. Ulichanjwa? Wapo. Umepitiwa na bakteria wengine walio binamu wa yule wa taifodi? Wanaweza kujitokeza. Hata malaria yenyewe inaweza kuwachokoza mpaka kipimo kikageuka. Mtaalamu anaona damu imegandamana, anaandika moja kwa themanini au moja kwa mia na sitini, na wewe unasoma hiyo namba kama matokeo ya mpira.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatuambiwi. Askari hao wanaanza kuonekana vizuri kuelekea mwisho wa wiki ya kwanza ya ugonjwa. Kwa hiyo mtu aliyeanza homa jana, leo akaambiwa ana taifodi kwa kipimo hicho peke yake, hapo kuna jambo la kujiuliza. Wenye taaluma wanasema ukitaka kukiamini, pima mara mbili, siku kama kumi zikipita katikati, uone kama namba imepanda mara nne. Sasa niambie wewe, ni nani mtaani kwenu amewahi kuitwa arudi kupima mara ya pili?

Kule Muheza, mkoani Tanga, watafiti walikilinganisha kipimo hiki na njia ya uhakika zaidi kwa watoto waliolazwa, wakachapisha majibu mwaka 2010. Kati ya watoto ambao Widal ilisema ndiyo, ni kama robo tu waliokutwa na taifodi ya kweli. Lakini wale ambao ilisema hapana, karibu wote kweli hawakuwa nayo. Ajabu eh? Kipimo ni kizuri zaidi kikisema huna kuliko kikisema unayo. Na sisi tunakitumia kinyumenyume.

Hiyo njia ya uhakika ni kuotesha damu. Wanachukua damu yako, wanaitia kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, wanaiweka kwenye joto na kusubiri siku kadhaa waone kama kuna kitu kitakachoota. Ni kazi ya maabara kubwa, inataka subira na fedha, na nayo haina ukamilifu: inakosa wagonjwa wengi tu wa taifodi, hasa kama mtu ameshabugia dawa kabla ya kutolewa damu.

Malaria nayo ina vituko vyake. Kuna kipimo cha darubini, ambapo mtu anakaa anamwangalia kijidudu mwenyewe na kuhesabu, na kuna kile cha haraka cha tone la damu na vimistari. Cha haraka kinanusa protini ambayo kijidudu anaiacha kwenye damu. Protini hiyo hubaki kwa wiki kadhaa hata baada ya dawa kumaliza kazi. Halafu kuna watu, hasa waliokulia kwenye mikoa yenye malaria nyingi, ambao wanatembea na vijidudu vichache kwenye damu na hawana habari, wanacheza mpira na kula ugali kama kawaida. Mtu kama huyo akipata homa kwa sababu nyingine kabisa, akapimwa, malaria inaonekana, na daktari mwenye haraka anafunga jalada. Kumbe malaria ilikuwa abiria tu, dereva ni mwingine.

Sasa niwape mkasa. Nina mshikaji wangu, fundi simu pale Kariakoo, tumepanga nyumba moja Tandale, mlango kwa mlango. Mwaka 2019, mwezi wa tano, alikuwa ametoka msibani Lindi kama wiki mbili zimepita. Mara homa ikampiga. Kichwa kinapasuka, macho yanauma kwa nyuma, mgongo na magoti kama kakutana na mgambo wa jiji. Siku ya pili akaenda zahanati moja ya mtaani, jina nalihifadhi. Akatobolewa kidole, akatoka na cheti: malaria mbili, taifodi moja kwa mia na sitini. Akapewa dawa mseto ya malaria, sipro ya taifodi, na kwa ajili ya viungo akachomwa sindano ya diklofenaki kwenye kalio. Nyumba nzima ikaridhika. Ugonjwa una jina, tena majina mawili.

Siku ya nne homa ikashuka. Mshikaji akaagiza chipsi mayai, akala nusu, akaanza utani wake. Usiku tumbo likaanza kumkata. Akatapika, akatapika tena. Asubuhi anapiga mswaki, fizi zinatoa damu, na amelegea kama kitambaa cha kudekia. Wengine wakasema ni makali ya dawa, ale ashibe. Mama mwenye nyumba, Mzaramo asiyependa longolongo, akamtazama mara moja tu. "Huyu mtoto hajapona, huyu kabadilishiwa ugonjwa. Iteni bajaji."

Hospitali waliyompokea, mimi ndiye niliyekuwa napeleka uji, kwa hiyo mengi niliyasikia kwa masikio yangu. Daktari alikuwa dada wa makamo yangu hivi, mwembamba, mkali wa macho. Kile cheti cha zahanati hakukichana wala hakukiamini, alikiweka pembeni akaanza maswali. Homa ilianza lini? "Juzi juzi" hakutaka, alitaka siku yenyewe. Ndani ya mwezi huu umelala wapi? Mahali pa kazi mchana kuna mbu? Umemeza nini, umechomwa nini? Aliposikia diklofenaki akaacha kuandika.

Kwa wale mliosahau, mwaka huo dengue ilikuwa imeingia Dar kwa kishindo, kama ilivyoingia mwaka 2014. Virusi vyake vinaletwa na mbu mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, anayezaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya matairi, makopo na vyungu vya maua. Chandarua chako cha usiku yeye hakimhusu, anakukuta dukani. Na dengue ina tabia moja mbaya: siku za hatari hazipo pale homa inapochemka, zipo pale homa inaposhuka, kama siku ya tatu mpaka ya saba. Hapo mishipa ya damu inaanza kuvujisha maji, na chembe zinazogandisha damu zinapungua. Ndiyo maana dawa kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hazitakiwi, kwa sababu zinaongeza uwezekano wa kutoka damu. Panadol ndiyo ruksa, kwa kipimo chake.

Basi wakampima upya. Kipimo cha haraka cha malaria: ipo. Darubini: hakuna kijidudu hata kimoja. Kipimo cha dengue: ipo. Chembe za kugandisha damu zimeshuka vibaya. Wakachukua na damu ya kuotesha.

Hapa ndipo nilipompenda yule daktari. (Kikazi jamani, msianze!) Aliwaeleza wanafunzi wake pale pale kitandani, nami na chupa yangu ya uji nimesimama kama mwanafunzi wa nyongeza. Akasema malaria ilikuwepo, tena inaelekea kaipata Lindi, kwa sababu siku zinalingana. Dawa mseto kaimeza siku zote tatu na imefanya kazi, ndiyo maana darubini haioni kitu, na kile kipimo cha haraka kinanusa mabaki tu. Sasa kama malaria imeshaondoka, nani anamtoa mtu damu kwenye fizi? Lazima kuna wa pili. Kwa taifodi, akasema kipimo kilichochukuliwa siku ya pili ya homa hakina la kumwambia. Damu iliyooteshwa baada ya siku kadhaa haikuota chochote, na hapo pia hakujidai. Akawakumbusha wenzake kwamba mgonjwa alishameza sipro, kwa hiyo bakteria angeweza kugoma kuota. Lakini akipima yote kwa pamoja, mkasa wote ulielezeka kwa malaria na dengue, na taifodi haikuwa na kazi ya kufanya pale. Sipro ikasimamishwa.

Kwa hiyo zahanati ilisema homa mbili, na kweli zilikuwa mbili. Ila moja waliipata, nyingine waliibuni, na ile ya tatu ndiyo nusura itupe kazi ya kuchimba kaburi. Mshikaji alikaa wodini siku sita, kwa dripu iliyohesabiwa kama pesa ya benki.

Nasema iliyohesabiwa kwa sababu homa mbili sio tu majina mawili, ni matibabu yanayoweza kuvutana. Dengue inayovujisha inataka maji ya kutosha kwenye mshipa. Malaria kali ukiizidishia maji, mapafu yanaweza kujaa. Zote mbili zinashusha zile chembe za kugandisha, zote zinaumiza kichwa na viungo, zote zinatapisha. Kwa kumtazama tu mgonjwa, ngoma droo. Daktari anayesema "nimemwangalia tu nikajua" huyo mwombee dua, au jiombee wewe.

Na sio Dar peke yake. Kule Moshi, kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528 waliandikiwa malaria. Damu ilipochambuliwa kwa vipimo vya maana, waliokuwa na malaria iliyosababisha homa walikuwa 14. Kumi na wanne! Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, na kati ya waliopimwa homa zinazotoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nazo: homa ya panya, homa ya kutupa mimba kwa ng'ombe, homa ya Q na nyingine za kupe. Na chikungunya ilikuwepo, ingawa hakuna aliyekuwa anaitaja.

Chikungunya hii ni yetu hasa. Jina ni la Kimakonde, maana yake kile kinachokunja, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Ilitambuliwa kusini mwa Tanganyika kwenye mlipuko ulioanza mwaka 1952, na waliouandika walisema inafanana na dengue kupita kiasi. Na dengue yenyewe, watu wa Unguja tangu karne ya 19 walikuwa na homa wanayoiita kidinga pepo, ambayo wataalamu mpaka leo wanabishana kama ilikuwa dengue au chikungunya. Unaona? Kuchanganya homa hatukuanza sisi wa kizazi cha chipsi.

Utafiti mwingine ulifanyika hapa hapa Dar na Ifakara mwaka 2008, watoto 1,005 wenye homa, majibu yakatoka mwaka 2014. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa na ugonjwa zaidi ya mmoja. Kwa hiyo mseto upo. Lakini malaria ilikuwa kwa asilimia 10.5 tu, na taifodi asilimia 3.7. Zilizotawala ni homa za njia ya hewa, kifua na mafua, asilimia 62, na kwa jumla virusi ndivyo vilivyoongoza. Piga hesabu mwenyewe, mimi hesabu za fomu foo zilinishinda: hao wapambe wawili wa cheti chetu wanakutana kwa mtoto mmoja mara ngapi?

Kuna mahali malaria kweli inamfungulia mwenzake mlango. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walionyesha mwaka 2011 kwamba pale malaria inapokuwa nyingi, zaidi ya nusu ya watoto wanaopata bakteria kwenye damu wasingepata kama isingekuwa malaria. Ndio maana mtoto mwenye malaria kali akilazwa, daktari makini haridhiki na malaria tu, anaongeza na dawa ya bakteria mpaka ajiridhishe. Huyo sio yule anayemwandikia kijana mzima sipro kwa sababu kikaratasi kimeandikwa.

Nilimuuliza jamaa mmoja tuliyesoma naye, sasa yuko maabara ya mtaani, kwa nini cheti hakikosi kitu. Akacheka. Akasema mteja akitoka na cheti kitupu anagomba kwamba ameliwa hela yake, ukimwandikia kitu anakushukuru na kesho anakuletea shemeji yake. Nusu ya lawama basi ni yetu. Tunataka jina la ugonjwa kama tunavyotaka risiti. Nusu nyingine ni ya anayeuza kipimo na dawa dirisha moja, na hiyo siisamehe, kwa sababu sipro zinazomezwa bure ndizo zinazofundisha bakteria ujanja, na siku taifodi ya kweli ikibisha hodi dawa inakuta mwana kagoma.

Kwa hiyo ukishikwa na homa, kwanza andika kwenye simu yako siku iliyoanza. Sio mapambo. Kipimo cha virusi vya dengue kinafaa siku za mwanzo, kile cha kingamwili zake kuanzia kama siku ya tano, na Widal ndiyo hiyo tumeshaisema. Bila tarehe, daktari anapiga ramli. Taja safari zako zote za mwezi, hata ile ambayo mwenzio nyumbani hajui (daktari hatamwambia). Taja ng'ombe, mbuzi na maziwa mabichi. Taja kila ulichomeza na kuchomwa. Ukikutwa na malaria, meza dozi yote, hata kama mimi nimeandika gazeti zima kuisema. Ukiambiwa na taifodi, uliza kwa upole: "Daktari, inawezekana kuotesha damu kabla sijaanza dawa?" Akikasirika, hapo umeshapata jibu la aina nyingine.

Na homa ikishuka, usikimbilie chipsi mayai. Kaa siku mbili ukijitazama. Tumbo likikata na halitulii, ukitapika mfululizo, fizi au pua zikitoa damu, mkojo ukiwa kidogo, ukisimama dunia inazunguka, usisubiri kukuche. Iteni bajaji.